Fundi Asiyeshika Spana

Wacha nianze na ile aibu yenyewe, tumalizane nayo mapema. Nilikuwa fundi wa pikipiki wa nyumba nzima ya bosi wangu hapa Riyadh, naitwa fundi, nalishwa kama fundi, na sikujua kwamba kuna pikipiki zenye mlango ndani ya injini. Mlango kabisa, wa chuma, unaofunguka na kujifunga pale moshi unapotokea kwenye silinda. Siku pikipiki ya kijana wa bosi ilipogoma kwa sababu ya mlango huo, mimi niliosha ekzosi. Niliisugua kwa sabuni ya vyombo na waya wa kusugulia sufuria asubuhi nzima, mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Ulikuwa uso wa mtu anayerudishwa nyumbani.

Aliyefanya nisirudishwe ni mzee mmoja tuliyemwita Fundi. Alizaliwa wapi sijui, na ukimuuliza anakuuliza wewe kwanza pikipiki yako ni ya mwaka gani. Kiswahili chake kilikuwa cha bara kikijaribu kuvaa kanzu ya pwani. Ikama yake, kile kibali cha kukaa, ilisema ni haris, mlinzi, na kweli alikuwa analinda jengo la vyumba vya kupanga pale Al-Shumaisi, kwenye kiti cha plastiki chenye mto wa maua. Lakini Wakenya wote niliowajua waliokuwa na bosi mwenye pikipiki walikuwa na namba yake.

Sasa mimi niliingiaje kwenye ufundi. Nyumbani Kitale nilikuwa mtu wa boda. Shule niliiacha kidato cha pili. Kwenye fizikia nilifika kwa nyenzo, nikaona hiyo itanitosha. Pale ajenti Nairobi waliponiuliza kama najua pikipiki, nikawaambia pikipiki ndizo zinanijua mimi. Wakaandika: dereva na fundi. Nilicheka mpaka kwenye ndege. Kufika, kafili wangu, yaani bosi anayeshika karatasi zangu zote, akanipeleka nyuma ya villa akanionyesha pikipiki ya mchangani ya kijana wake, ndefu kama punda aliyesimama kwa hasira. Ya tu-stroku, ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Akasema, "Hii ni kama mtoto wangu wa pili." Nikasema, "Sawa, baba," nikaanza kuilea.

Na niliilea. Dereva wa Riyadh kila asubuhi anawasha gari la madam mapema, AC ifukuze joto, ndiyo madam aingie kwenye baridi. Nilifanya hivyo kwa magari yote, na kwa roho safi nikaongeza pikipiki. Naiwasha, naiacha inanguruma polepole kivulini, nakunywa chai, nazima. Oili kwenye petroli nilikuwa naongeza kidogo juu ya ile iliyoandikwa, kama vile unavyomwongezea mgeni chai. Kijana wa bosi alikuwa chuo muda mwingi, kwa hiyo ikakaa hivyo miezi, inapashwa, inashiba, haiendi popote.

Halafu baridi ikaingia, watu wa Riyadh wakaanza kwenda kupiga kambi mchangani. Kijana akaipanda, akazunguka mtaa mmoja, akarudi amekasirika. Inaondoka vizuri, akasema, lakini ukiivuta ikimbie inaguna tu, kama mtu amezibwa mdomo. Bosi hakupaza sauti. Alisema, "Alhamisi anatoka na binamu zake. Ikikimbia, halas, tumemaliza. Isipokimbia, wewe ni fundi wa nini? Nitakukatia tiketi."

Nyumbani nilikuwa na mama anayengoja paa la nyumba na watoto wawili wanaojua baba yao ni injinia. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha chujio la hewa. Nikamwambia kijana petroli ya siku hizi ina vumbi. Ndiyo nikafika kwa ile ekzosi.

Aliyenikuta naisugua ni Mwende. Mwende ndiye mpishi wa nyumba hiyo, Mkamba, mdomo wake hauna breki, na ndiye rafiki wa kweli niliyempata upande huu. Kila mchana ananipitishia sahani kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, kabsa ya mbuzi, wali mwekundu na nyama juu, na kabla sijameza tonge la kwanza anauliza, "Chumvi iko aje leo?" Mimi nasema iko sawa, au imezidi kidogo, yeye anarudi ndani. Mwenyewe utamkuta na chai na mkate. Nilidhani ni adabu za kwao, mgeni kwanza.

Siku hiyo alisimama mlangoni akaniangalia na ule waya wangu.

"Huo ni waya wangu wa sufuria."

"Nitarudisha."

"Fundi gani anaosha pikipiki na Fairi?"

"Naanza na nje, halafu nitaingia ndani pole pole."

"Wewe utaingia ndani ya ndege," akasema. "Shika namba hii. Ni ya mzee wa Shumaisi. Ile grupu yetu ya wanawake, kila mwenye bwana dereva anayo."

Nikapiga. Sasa hapo ndipo nilijua tabia ya kwanza ya Fundi: hasalimu. Simu ikishikwa unasikia tu, "Inasema nini?"

"Shikamoo, Fundi. Mimi nimepewa namba yako na dada mmoja—"

"Pikipiki. Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imegoma."

"Imegoma chini au imegoma juu?"

Nikainama nikaangalia chini ya pikipiki. "Chini naona kuna oili imedondoka."

"Kijana, nani alikuita fundi?"

"Kafili wangu."

"Basi Mungu amsaidie. Sikiliza. Chini ni ikienda polepole. Juu ni ikikimbia. Inakosa nguvu wapi?"

"Ikikimbia."

"Umeibembeleza wewe. Unaiwasha asubuhi?"

Nilikuwa sijamwambia.

"Unaiwasha, unaiacha inanguruma, unakunywa chai. Na oili unaongeza. Moto mdogo na oili nyingi, huko ni kupika lami. Umekipikia kilango chako lami mpaka kimeganda."

Ndiyo akanieleza habari ya mlango. Nitaieleza alivyoieleza, kwa sababu niliielewa hata mimi. Kwenye tundu la moshi kuna kilango, wenyewe wanakiita pawa valvu. Injini ikienda polepole kilango kinashuka, tundu linakuwa dogo, pikipiki inapata nguvu za kuondoka. Ikianza kukimbia kilango kinapanda, tundu linapanuka, inapumua vizuri. Kikikwama juu, pikipiki itakuwa goigoi kuondoka lakini ikishika mbio inaenda. Kikikwama chini, itaondoka kama shujaa halafu ikabwe koo. "Yako imekabwa," akasema. "Na aliyeikaba ni wewe na chai yako."

Alikuwa na masharti yake. Hapokei picha, na video hata usijaribu. Ukimtumia picha ya injini anakujibu na sauti ya hasira: macho yanadanganya, mimi nataka masikio. Kwa hiyo unaweka simu karibu na injini, unarekodi, unamtumia, unangoja. Anasikiliza na spika za masikio, mkono shavuni, wapangaji wanapita na magunia yao ya vitunguu, yeye hawaoni. Halafu anajibu kwa maneno machache kama daktari wa serikali.

Sharti la pili: hashiki. Mwenye pikipiki ndiye anashika. Nilipomwomba aje kwa bosi akasema, "Ikama yangu inasema haris. Nikikamatwa na spana mkononi nitasema nini, nilikuwa nalinda spana?" Tukaona ni busara. Mikono yake ilikuwa misafi kwa kweli, kucha kama za bwana harusi. Sisi wengine tulikuwa na mafuta meusi mpaka kwenye ndoto, na yeye anamenya tangawizi na hivyo vidole vya karani. Malipo yake yalikuwa hiyo hiyo tangawizi, mbichi. Ukimletea kavu anasema pikipiki yako haijapona.

Basi nikafungua, yeye sikioni. Kwanza kile kifuniko kidogo ubavuni mwa silinda. Akasema niivute injini nitazame kama kile kijiti kinachosukuma kilango kinacheza. Hakikucheza. Zima, sukuma kwa kidole. Hakikwenda. "Kingeenda kwa kidole halafu kikatae kwa injini," akasema, "ningekwambia kilango ni kizima, ubovu uko kwa kile kinachokisukuma. Lakini hicho kimeganda. Toa. Na kabla hujatoa, weka alama upande wa juu. Ukikirudisha kichwa chini, pistoni itakiuma, na hapo hata mimi usinipigie."

Kilitoka kama jino. Cheusi, kinanata, kinanuka samaki wa juzi. Nikakiloweka kwenye petroli, nikakipiga mswaki. Mswaki ulikuwa wangu, siku hiyo nilinunua mwingine. Alikataza bisibisi kabisa: "Ukikikwaruza, lami itapata pa kukaa." Nikarudisha kwa alama, nikasukuma kiki kwa mkono taratibu kusikia kama pistoni inagusa popote. Nikaiwasha, nikaivuta, nikamtumia sauti.

Jibu likaja: "Hiyo sasa inakohoa kama mtu aliyepona. Mwambie kijana aipige. Aipige kweli. Na asubuhi kunywa chai yako mbali."

Alhamisi kijana wa bosi alitoka nayo kwenye trela, akarudi ana mchanga mpaka kwenye kope, anacheka. Bosi akasema tu, "Tayib," yaani vizuri. Habari ya tiketi haikutajwa tena. Mwende aliponipa sahani akauliza chumvi, nikamwambia leo hata ukiweka sukari mimi nitakula.

Baada ya hapo nilikuwa naenda kwa Fundi kila Ijumaa niliyopewa ruhusa. Alikuwa mtu wa ajabu kukaa naye. Pikipiki alizichukia. "Kiti cha wajinga," ndivyo alivyoziita, na ukipita na moja barabarani anasogeza kiti chake nyuma. Alitufundisha uvumilivu, injini ipoe kwanza, usifungue kitu cha moto, na chai yake mwenyewe hakuwahi kuingoja ipoe hata mara moja; alikuwa na ulimi wa bati. Kila mtu kwake ni kijana, hata jamaa mmoja mwenye wajukuu. Alikuwa anasema kitu kikizoea kwenda polepole kinasahau kukimbia, halafu anarudi kukaa kwenye kile kiti alichokikalia miaka mingi kuliko yeyote tuliyemjua. Anarudi Kenya lini? Mwaka ujao. Ukimuuliza mwaka huo ujao ukifika, ni mwaka ujao tena, na sura haibadiliki.

Na alichukia uongo. Mara moja nilimwambia kwamba nimesafisha chujio kumbe sikusafisha. Alisikiliza rekodi akasema, "Hii inapumua kwa pua moja. Kijana, mimi nikidanganywa na mtu, nitaambiwa ukweli na mashine." Nikaona haya kama mtoto. Nilirudi kwa bosi siku hiyo nikijiambia, huyu ndiye mtu pekee hapa ambaye hajaingia kwa mlango wa nyuma.

Baadaye bosi wake akampeleka Jeddah, kwa kaka yake anayekaa Aziziya, akalinde villa huko. Tukabaki na sauti yake kwenye simu. Inasema nini. Chini au juu.

Mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, niliendesha familia ya bosi hadi Jeddah. Tuko huko siku mbili tatu, simu ikalia, ni Fundi. Nikajiandaa kwa "inasema nini".

"Hujambo, kijana wangu. Habari za safari? Habari za kazi? Mama hajambo nyumbani?"

Salamu zote alizoninyima miaka yote zilikuja kwa mkupuo mmoja. Nikajua mzee yuko taabani.

Ilikuwa hivi. Bosi wake mpya alikuwa na pikipiki ya zamani ya tu-stroku, ya barabarani, imefunikwa turubai kwenye gereji. Mtu akamtonya kwamba haris wako ni fundi mkubwa wa hizi vitu, Riyadh nzima inampigia. Bosi akafurahi. Akasema Ijumaa baada ya alasiri aje aifufue mbele yake. Na akiwa ameficha ufundi wote huo huku akikalia kiti, basi ni mvivu, na mvivu anarudi kwao.

"Sasa si ufufue tu," nikasema.

"Kuja," akasema. "Uje na spana."

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Bosi wa Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha gahawa, kahawa yao ya Kiarabu. Fundi amesimama kando ya pikipiki, mikono nyuma, shati limepigwa pasi. Nikampa spana. Hakuipokea. Aliiangalia kama nimempa mtoto wa mtu.

"Washa swichi kwanza," akaniambia mimi. "Usiwashe injini. Swichi tu."

Za aina hiyo kilango kinavutwa na mota ndogo ya umeme kwa kebo mbili, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Ukiwasha swichi mota inajijaribu yenyewe, unasikia inaenda na kurudi. Nikawasha. Ikalia kidogo, ikanyamaza.

Fundi alifumba macho. "Imekwenda, haijarudi. Kebo ya kurudisha imelegea. Fungua hapo ubavuni tuone kama kilango ni kizima."

Nikafungua. Ndani kulikuwa kumejaa utomvu mweusi na kilango chenyewe kimekaa katikati yake. Fundi akainama, akatazama sana, halafu akaninong'oneza, "Hii ni nini?"

Nikadhani ananijaribu. "Ni valvu, Fundi."

"Hii?"

"Hiyo."

"Mbona ni nyeusi hivyo?"

Bosi akauliza kwa Kiarabu mzee anasema nini. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokota, "Anasema ni chafu sana, baba."

Nikamwangalia mzee. Jasho lilikuwa limetoboa ile pasi yote. Na hapo ndipo vitu vyote vikaingia kwa mpigo: kucha, picha anazokataa, kile kiti anachokisogeza nyuma. Huyu mtu hakuwahi kufungua injini. Na mbele yetu kuna mtu mwenye gahawa na uwezo wa kukata tiketi.

"Fundi," nikasema polepole, "wewe ongea. Mimi nitashika."

Akaongea. Sauti ikamrudia. Toa, weka alama, loweka, mswaki, usikwaruze. Kebo ya kurudisha, kaza kidogo, pale kilango kinapofika mwisho kisivutwe zaidi. Washa swichi. Bado. Kaza nusu. Washa. Tukasikia ikienda, na ikirudi. Fundi akaitikia kwa kichwa kabla mimi sijaisikia vizuri. Tukaweka petroli mpya na plagi mpya, nikapiga kiki mpaka goti likaomba msamaha, ikawaka na moshi wa buluu uliofukuza paka wa mtaa mzima. Nikaivuta juu. Ilipumua.

Bosi akasimama. Akamwelekezea Fundi kidole akasema, "Muhandis." Akanielekezea mimi: "Amil." Yaani yule injinia, mimi kibarua. Akasema ndiyo maana hakushika kitu, mkubwa hashiki. Akamletea Fundi gahawa kwa mkono wake. Mimi nilipewa kitambaa cha kufutia mikono.

Jioni ile tulishuka Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwa miguu na teksi, tukakaa kwenye kibanda cha chai karibu na zile nyumba za matumbawe zenye madirisha ya mbao, wachukuzi wanapita na mikokoteni ya vitambaa. Aliweka tangawizi mpaka chai ikawa dawa. Sikuuliza. Alisema mwenyewe.

"Nilikuwa kaunta."

"Kaunta ya nini?"

"Duka la spea, Nairobi. Za pikipiki za mashindano. Mtu anakuja analalamika, namuuliza chini au juu, nampa boksi. Asiporudi, najua nilipata. Akirudi na matusi, najua ilikuwa ile nyingine. Kijana, nimetukanwa miaka mingi sana. Ndiyo shule yangu." Akavuta chai ikiwa bado inachemka. "Valvu nazijua. Lakini nazijua zikiwa kwenye boksi. Zinang'aa, zina karatasi."

"Na masikio?"

"Walikuwa wanakuja na pikipiki mpaka mlangoni, wanazivuta nisikie. Mimi niko ndani ya kaunta. Hakuna aliyewahi kuniambia nitoke."

"Na ulituambia tusidanganye."

Alifikiria hilo kwa haki. "Mimi sikudanganya mtu. Mliniita Fundi, nikaitika." Halafu akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kitu kisichohusu injini. "Ukikishika kile kilango, ni kizito?"

"Si kizito. Kinaingia kiganjani."

"Ah," akasema. "Nilidhani ni kizito."

Tulipoachana nilimuuliza anarudi nyumbani lini. Mwaka ujao, akasema, lakini safari hii alicheka kidogo.

Niliporudi Riyadh nilienda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa jikoni. Mwende akanipa sahani, kabsa ya mbuzi, nikakaa kwenye ngazi nikamwambia yote: kucha, kaunta, muhandis na amil. Nilidhani atashangaa, aseme mzee ni tapeli. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa ameegemea mlango na kikombe chake cha chai na kipande cha mkate.

"Sasa wewe kila siku unafikiri nakuuliza chumvi ya nini?" akasema. "Mbuzi mimi sijawahi kuweka mdomoni tangu nizaliwe. Hebu onja. Iko aje leo?"